Nimeitunza Chupa ya Mzee Omollo, Sasa Anaitwa Mwongo

Mama Jeruto mpendwa, nisaidie, kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na hata kanisani siimbi tena. Ninaishi Langas na nafanya kazi ya maabara hapa Eldoret, na kwa miaka kumi na moja nimetunza seli za saratani ya umio ambazo watafiti hujaribia dawa, yaani zinaishi kwenye chupa zenye majimaji ya chakula chao, na zikijaa tunazigawa, chache tunazihamishia chupa mpya, na aliyenifundisha yote hayo ni Mzee Omollo, ambaye kila asubuhi alivua saa ya mkononi, akanawa, akafungua kabati la joto na kuuliza, "Wageni wetu wameamkaje?" nami najibu wameamka salama, halafu tunatoka nje na thermos ya chai kwenye baridi ile, kwa sababu ndani chai ilikuwa marufuku, na Mama, sijawahi kupenda kazi kama siku hizo.

Sheria yake ilikuwa moja tu: ukishagawa mara thelathini, mwaga zote, toa kichupa kingine kwenye tangi la kugandishia uanze upya, kwa kuwa seli zikizaliana sana jeni zake hubadilika kidogo kidogo mpaka zinakuwa kitu kingine. Siku aliyostaafu aligawa chupa ya mwisho, akaiandika tarehe kwa ule mwandiko wake wa kulala, akaniambia, "Nakhumicha, hawa ni wako sasa." Basi ilipofika mara ya thelathini nilisimama kwenye sinki na chupa mkononi nikashindwa, nikaandika kwenye daftari kwamba nimeanza upya, namba moja, kumbe ni zile zile, na ilipofika thelathini tena nikafanya vivyo hivyo, na sasa ni miaka minne.

Mwaka huu ametujia mwanafunzi wa uzamili, Kipkirui, anayerudia jaribio la Mzee la gome la mti ambalo liliua seli hizo. Kwake hazifi. Aliniambia, "Nimerudia mara sita, Madam. Hii gome haifanyi kitu. Kwani Mzee alikuwa anaona nini?" Na sasa huko ofisini wanasema Mzee alipika matokeo. Wiki jana nilitoa kimyakimya kichupa kilichogandishwa enzi zake, nikajaribu, na seli zikafa jinsi alivyoandika. Kipkirui anawasilisha kazi yake kwa walimu Ijumaa ijayo. Nikisema nitafukuzwa, nikinyamaza Mzee anabaki mwongo, naye yuko hapo Yamumbi hajui lolote. Nifanye nini?

Nakhumicha, Langas

Nakhumicha,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nikakasirika.

Naelewa sinki lile. Mama yangu alipofariki kule Timboroa alituachia debe la mbegu ya mahindi, nami nikapanda, nikavuna, nikachagua mbegu humo humo, msimu baada ya msimu, huku chavua ya mashamba ya jirani ikiingia kila mwaka. Baada ya misimu sita nilikuwa navuna mahindi ya majirani na kuyaita ya mama. Nililia siku niliyokubali hivyo. Lakini mimi nilijidanganya peke yangu, sikumwandikia mtu daftari la uongo. Wewe umeandika namba moja mahali pa thelathini, na kijana wa watu amepoteza mwaka akiamini namba zako. Hizo seli si za Mzee tena, dada yangu. Zimemgeuka, na wewe ndiye uliyezilea.

Acha kujiuliza kama utafukuzwa. Huenda ukafukuzwa. Jumatatu Kipkirui akifika akukute umeshafika, mwambie kabla hajavaa koti, kisha mwende pamoja kwa mkubwa wenu na daftari likiwa wazi. Ombeni Ijumaa iahirishwe. Atoe vichupa vya zamani arudie yeye mwenyewe, kwa maana jaribio lako moja la kujificha halitoshi kumsafisha mtu. Na sampuli zipelekwe kupimwa jeni, za zamani na za kwako. Gome nalo msilitangaze sokoni, kuua seli ndani ya chupa si kumponya mgonjwa. Ukimaliza, mwaga zile zako zote.

Kuna jambo jingine. Umenieleza saa yake, mwandiko wake, chai yake, lakini katika barua nzima sijaona mahali umekwenda kumwona. Kutoka Langas hadi Yamumbi ni karibu, Nakhumicha, na umekaa miaka minne na chupa. Nenda Jumapili hii baada ya ibada, umwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Atakasirika. Kaa hapo hapo mpaka amalize.

Mama Jeruto