Kopa Nne Juu ya Shupaza Tatu

Jumapili, 9 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naapa kwamba katika barua hii nitakueleza yote, hata yale nitakayotamani kuyaruka. Natumaini u mzima, chuo hakijakukondesha, na kile kikohozi kimekuacha ulale. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula chakula au unashindia chai. Baba mgongo unamsumbua akiinama kwenye mashine, lakini ukimuuliza anasema mgongo ni wake na hajamlalamikia mtu.

Jumamosi, mashine zikishazimwa, bado tunacheza karata za briji katika chumba cha nyuma cha duka la uchapaji, juu ya meza ya kukatia karatasi. Siku hizi mimi ndiye mwenzi wa Baba. Wapinzani wetu ni wale wale, Muuguzi na mumewe Fundi Saa. Fundi Saa hajabadilika: hufikiri mpaka mkewe amuulize kama amesinzia au amefariki, ajue amwite nani. Mwisho wa mwezi kuna mashindano ya wawili wawili katika ukumbi wa maktaba, na Baba alikuwa ameniahidi kwamba tutakwenda mimi na yeye. Nimekwisha kupiga pasi sketi yangu mara mbili bila sababu.

Usidhani kukaa mahali pako ni raha. Nikicheza vizuri, Baba husema ndivyo dada yako angefanya. Nikikosea hunyamaza, na ninajua anawaza nini. Tena iko ile shupaza nne yako. Kila mteja anayekuja kuchukua risiti zake lazima asimuliwe: jinsi Baba alivyofungua mnada wa kuahidi mikono kwa shupaza tatu, akiwa na msururu wa shupaza na hana kingine, ili awafungie wapinzani njia kabla hawajaambiana neno, na jinsi wewe, mwenye shupaza moja tu, ulivyohesabu karata zako kubwa, ukapandisha hadi nne, yaani ahadi ya mikono kumi, mkaila yote. Hapo hugonga meza. Mteja hajui hata briji ni nini, anaitikia tu apewe mzigo wake. Mama anasema hadithi hiyo imefikia umri wa kulipa kodi. Mimi hucheka na wenzangu, huku moyo unanichacha.

Basi jana Baba akafungua tena kwa shupaza tatu. Muuguzi akapita bila kunadi. Zamu ikawa yangu. Nilikuwa na shupaza moja. Nilikuwa na kopa sita, ree na mfalme wakiwa mbele, na ree ya pau, na mfalme na malkia wa uru. Unakumbuka alivyotufundisha sote wawili: anayefungua hivyo amekwisha kusema yote aliyo nayo. Shupaza zikiwa turufu, karata zake ni jeshi. Turufu ikiwa nyingine, ni makaratasi. Kwa hiyo mwenzake asianze kunadi vyake. Ahesabu, kisha apandishe au apite.

Nikasema kopa nne.

Baba alinitazama juu ya miwani. Fundi Saa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakufikiri hata kidogo. Akatia dabo, hasara yetu ihesabiwe maradufu. Baba, kama ilivyo kanuni kwa mwenzi wa aliyenadi, akazilaza karata zake wazi mezani: shupaza saba, kuanzia mfalme kushuka, na kopa moja ya kutia huruma. Nilitupa shupaza yangu ya pekee, Fundi Saa akaila kwa ree, na tangu hapo sikuwa na njia yoyote ya kuvukia upande wa Baba nizicheze karata zake. Shupaza sita nzima zikakaa pale kama wageni waliofungiwa mlango. Kopa tano alikuwa nazo Fundi Saa mwenyewe, akanisubiri nazo kwa adabu kabisa. Tulipungukiwa mikono mitatu. Muuguzi akasema mgonjwa alikuja kwa miguu yake, tumemuua kwenye foleni.

Walipoondoka, Baba aliniuliza taratibu kama nilisahau somo. Nikasema ndiyo, nilisahau. Akasema kosa ni lake, amenifundisha mbiombio, na mitihani imenichosha. Kisha akaniagiza nikuandikie uje kabla ya mashindano, ucheze naye wewe. Mimi nitakaa nyuma yenu nijifunze.

Dada, sikusahau. Nilihesabu. Shupaza sita za Baba, kopa mbili zangu, ree ya pau, na uru moja: kumi. Nilijua kabisa kwamba jibu ni shupaza nne. Lakini shupaza nne ni yako. Nilijua tukishinda angegonga meza na kusema nimekuwa kama wewe, na hadithi ingebaki ile ile, mimi nikiwa mkia wake. Nilitaka jambo moja pale mezani liwe langu, nikamharibia Baba karata zake ili nilipate. Nakuonea wivu, Dada. Wewe hujanikosea kitu, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana sina hata pa kuanzia ugomvi.

Leo asubuhi nilishindwa kuvumilia nikamwambia Baba. Alisafisha miwani muda mrefu. Akasema mwenzi aliyesahau, yeye Baba anaweza kumfundisha upya, lakini mwenzi anayejua na kukataa, hajui amfanye nini. Halafu akasema hawezi kuwa hakimu kati ya binti zake wawili. Nikuandikie yote, na utakaloamua wewe ndilo litakalokuwa.

Ningeweza kukuandikia kwamba upumzike, ukumbi wenyewe una joto. Sikuandika hivyo. Lakini nataka sana kwenda. Akifungua tena kwa shupaza tatu nitapandisha, hata kama jioni nzima atakutaja wewe.

Mama anasema usisahau kuja na lile blanketi. Wasalimie wenzako wa chumbani. Nami nakuomba unijibu kwa posta ile ile itakayokuletea barua hii, bila kunionea huruma: utakuja kucheza na Baba, au utaniachia mimi?

Mdogo wako akupendaye,
Kifutio