Rupia za Bibi

Jumamosi, baada ya chakula

Nilidhani ninazisafisha. Rupia nne za bibi nilizisugua kwa majivu, kama tunavyosugua masufuria, ili zimpendeze mgeni kutoka Mwanza anayekusanya sarafu za kale.

Leo amezigeuza mara moja tu, akauliza nani amezisugua. Nikasema ni mimi.

"Binti, umezichubua. Sisi tunataka ule weusi wa miaka. Hizi sasa ni za kupimwa kwenye mizani tu."

Akaondoka bila kuzinunua.

Sonara wa hapa Bariadi anazitaka hata kesho. Zamani alizikataa, lakini madini ya fedha yamepanda bei. Ila yeye ataziyeyusha ziwe pete. Bibi alikubali kuuza kwa sababu mgeni angezitunza. Baba yake alizipata kwa kuuza ng'ombe, na bibi hana kitu kingine cha baba huyo.

Jioni, tukichambua mchicha, nilimwomba bibi msamaha.

"Ng'ombe ukimtia alama, ukamkata sikio vibaya," akasema, "utampeleka machinjioni kwa ajili ya sikio?"

Mama akamkumbusha kwamba paa linavuja na bei hii huenda isirudi.

"Livuje. Mvua naijua."

Kisha akazifunga kwenye kitambaa, akanikabidhi mimi niliyeziharibu. Nimeziweka chini ya madaftari. Naogopa bei ikipanda tena, mama ataniomba, na sijui nitamjibu nini.

Mgeni alisema huchukua miaka mingi sarafu kurudia weusi wake. Miaka ninayo.