Mwanamke wa Kwenye Mchoro

Kihesa, Iringa

Mchumba wangu Neema,

Kamwene. Sisi hapa wazima, na mke mwenzio, yaani bibi yako, anavuna maharage na anakusalimu sana.

Unaniuliza enzi zetu tuliwezaje, maana kompyuta yako inaganda kila picha ya jengo inapokaribia kukamilika. Sisi tulisumbuliwa na wino. Miaka ya sabini nilikuwa mchora ramani Mbeya, na kwa baridi ile ya Julai wino ulikuwa haukauki. Siku moja nilikausha mchoro wa soko la Igawa juu ya jiko la mkaa, karatasi ikajikunja kama jani la mgomba. Nikachora upya. Safari hii nikauacha dirishani, nikatoka kuota jua na kununua hindi la kuchoma.

Muuza mahindi, binti wa Kisafwa, akashangaa vidole vyangu vyeusi. Nikamwonyesha mchoro pale dirishani. Akautazama, akasema, "Soko zuri. Mbona halina watu?"

Nilirudi ndani nikamchora yeye mlangoni, na kikapu chake kichwani. Bosi akauliza, "Huyu nani?" Nikamjibu kwamba jina bado sijalijua. Alicheka mpaka akavua miwani.

Ile picha ya hoteli uliyotuma juzi, bibi yako ameitazama sana kwenye simu. Anasema inang'aa kweli, ila mlangoni hakuna mtu. Kompyuta ikiganda tena, toka nje kidogo, ukanunue hindi.

Babu yako