Wimbo Ulitoka, Jina Lako Likagoma

Kaka yangu wa Kasama,

Mulishani huko, habari zenu? Usijibu. Nimeuliza kwa mazoea tu, si kwamba nataka kujua.

Unakumbuka tulivyokuwa tunauza vitenge hapa Tunduma? Wewe unavuka mpaka kufuata mzigo, mimi nabaki mezani naita wateja. Kila mtu na lake, na mambo yanakwenda. Siku ulipojifanya na wewe unajua kuita, tukapayuka wote wawili, mama mmoja wa Kizambia akaziba masikio akahamia meza ya jirani. Tulicheka mpaka ukakaa chini. Enzi hizo ulikuwa na akili.

Halafu kiharusi kikanipiga. Hata mwezi haujaisha ukanipeleka Msangano, kwenye kikao cha ukoo, maana siku baba anakata roho nilikuwepo mimi peke yangu. Baba mdogo akauliza, "Haya, marehemu alisema shamba la bondeni ni la nani?"

Jibu ninalo, kaka! Limekaa hapa kooni. Nikafungua mdomo, ikatoka: "Njoo mama, vitenge, njoo uchague!" Watu wakaangua kicheko. Hata mimi ningecheka, kama ule mdomo ungekuwa unanisikiliza.

Jumapili yake kanisani nikaimba wimbo mzima, beti zote, bila kukosea. Ukanisubiri mlangoni.

"Mwigizaji wewe! Kuimba unaweza, kunisemea huwezi? Si useme tu shamba unalitaka wewe!"

Nikataka kukuita jina, likagoma. Likatoka tusi, tena limenyooka. Ukatema mate, ukavuka mpaka, na kila uliyekutana naye ukamwambia mdogo wako tapeli.

Tapeli ni kweli, lakini kwa wateja. Kwako lini?

Ungevumilia wiki moja tu ungemsikia daktari wa Mbeya. Alisema ubongo una sehemu nyingi, kila moja na kazi yake. Nyimbo, matusi na maneno ya kila siku yana kwao. Kutafuta neno la kumjibu mtu ni kazi ya kwingine, na huko ndiko nilikoumia, hata kuandika kukagoma. Kwa hiyo wengine wakaendelea na biashara kama kawaida, mwenzao kalala. Wasiposikilizana kabisa, unakuwa kama mimi. Wakipiga kelele wote kwa mpigo mmoja, hicho kifafa. Nikawaza, kumbe hata kichwa kibovu kinamzidi kaka yangu: sehemu zake zikikosana, hakuna inayohama.

Miaka miwili nimejifunza kuongea upya, naimba neno kwanza ndiyo nalisema, mtoto wa chekechea mwenye ndevu. Mke wangu alinisikiliza. Wewe hukuwepo.

Juzi nimekwenda Msangano. Nikasimama mbele ya baba mdogo, jasho linanitoka, nikasema neno moja moja: baba alisema shamba la bondeni ni la kaka.

Ni lako. Wameshaandika, wote wameweka dole gumba. Njoo ulime.

Ila ukifika Tunduma, kwangu usipite.

Mdogo wako, wa tumbo moja, basi.