Ng'ombe wa Mahari na Ada ya Yunis

Baba mkwe,

Shikamoo. Ulipokuwa hai hatukuwahi kula meza moja, kwa heshima ya ukwe mliyoishika ninyi, kwa hiyo mengi sikuwahi kukuambia. Umepita mwaka na nusu tangu tukuzike. Kuna jambo la binti yako ambalo ningependa ulisikie kutoka kwangu.

Yunis ameacha kazi. Miaka kumi na mmoja ya uuguzi, wodi ya wazazi, ameiacha ili asomee udaktari. Mwajiri wake hakuwa na ruhusa ya masomo yenye mshahara, ikabidi achague. Nilipomuuliza kwa nini sasa, alisema amechoka kumsubiri daktari huku anajua tatizo ni nini. Sikuuliza tena.

Tulikaa na daftari jioni mbili. Mshahara wangu wa redio unatosha chakula, umeme na maji. Watoto wote wawili tuliwahamishia shule ya serikali. Chumba cha mbele tukampangisha fundi cherehani. Yunis akajitoa kwenye kikoba, akachukua akiba yake. Mkopo wa masomo hakupata. Ada ya mwaka wa kwanza ikabaki pungufu kwa zaidi ya nusu.

Hapo akakumbuka maneno yako. Wodini ulikolazwa, wiki yako ya mwisho, ulimwambia: "Ukitaka kusoma, ng'ombe wako wapo kwa Lechipya." Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilisikia. Ulimaanisha ng'ombe wa mahari yake, niliowatoa mimi, ambao mwanao anawafuga Chamwino.

Shemeji Lechipya hakubisha. "Neno la Baba ni neno la Baba," alisema. Mnada ulikuwa Jumamosi, na mwisho wa kulipa ada Jumatatu. Yeye alikuwa safarini Babati, akamwagiza mchungaji kwa simu awapeleke mnadani. Kosa ni langu. Nilimwambia mchungaji awalete Ijumaa walale uani kwangu, maana kutoka kwetu hadi mnadani ni karibu. Mimi mtu wa Kondoa nilikuwa nafikiria nauli ya lori tu.

Ijumaa hiyo saa saba mchana akafika dada yako, Shangazi Damari, kanga kiunoni. Nilimwamkia, hakuitikia. Aliwatazama ng'ombe watano uani, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo za Yunis.

"Shangazi, unafanya nini?" Yunis akauliza.

"Nakufungia mizigo. Ng'ombe wamerudi kwa mwanaume. Amekukuta na nani?"

"Hajanikuta na mtu. Ni ada ya chuo."

"Ada! Siku hizi talaka inaitwa ada?"

Nilijaribu kueleza. Akanikata: "Wewe mtu wa redio nyamaza, utatangaza baadaye."

Hakuwa amekosea. Kwenu, mahari ikirudi kwa mume, ndoa imevunjika. Majirani wawili walishakuja kunipa pole, mmoja na unga. Shangazi akatoa sharti: ng'ombe warudi Chamwino, walale zizini kwako, watoke kwa mkono wa Lechipya. Ningeweza kukataa. Ada ingelipwa, na ukoo wote ungemhesabu mke wangu ameachwa. Nilimwachia yeye aamue.

"Warudi," alisema Yunis. "Nikianza chuo nianze nikiwa na mume."

Walirudi jioni ile. Lechipya aliingia usiku kutoka Babati na alfajiri akawapakia tena. Safari tatu za lori kwa siku mbili. Walifika mnadani wamechoka, wanunuzi wakaliona hilo, bei ikashuka. Upungufu niliufidia kwa pikipiki yangu, niliyomuuzia mwandishi mwenzangu Jumapili baada ya ibada. Jumatatu saa nne Yunis akalipa. Alishika risiti, akasema, "Baba angeisoma mara mbili." Tulisimama pale dirishani mpaka mhasibu akatuomba tupishe wenzetu.

Sasa anamaliza mwaka wa kwanza. Alifeli somo moja, akarudia mtihani, akapita. Anakaa hosteli, nyumbani anakuja Jumamosi. Mimi ndiye ninayepika. Watoto wanakula bila malalamiko makubwa. Ila mdogo, Yunis akiingia, humwita mgeni. Hilo hatukuliandika kwenye daftari. Shangazi Damari naye anawaambia watu kanisani kwamba wazo la kusoma lilikuwa lake.

Lala salama, Baba. Zizini hakuna tena ng'ombe wa Yunis, na miaka minne imebaki. Ninachokuahidi ni hiki: ada ikikosekana, nitauza kiwanja chetu, kile tulichonunua kwa ajili ya uzee wetu, kabla sijamwambia asubiri. Yunis anasema nisithubutu. Nimemsikia, lakini ahadi nimekupa wewe.

Mkweo,
Hamisi