Najifukiza udi kuficha sigara, mke anasema nimeoa

Mpendwa Bi Khamisa, shikamoo. Naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa shemeji yangu Himid anakuja kutoka Bububu kumchukua dada yake, nami kosa ninalo ila si hilo ninaloshitakiwa.

Nina miaka hamsini na mbili, nauza vitambaa, tunakaa Michenzani ghorofa ya nne. Mwaka jana daktari alinipima presha akashtuka, akanikataza sigara, chumvi na mafuta, nikamwapia mke wangu Rahila mbele ya kaka yake huyo huyo kwamba sigara basi, na nikaacha kweli, siku tisa. Siku ya kumi nikavuta moja, ya pili yake nikavuta nne, na kwa kuwa Rahila ana pua inayojua jirani wa tatu kapika nini, nikanunua chetezo nikakificha dukani, kila nikishavuta najifukiza kanzu kwa udi na kutafuna karafuu, nafika nyumbani nanukia kama bwana harusi. Halafu yeye ananipikia samaki wa kuchemsha, hana chumvi wala nazi, nami nimeshapita Forodhani kula mishikaki na chipsi, basi namega tonge mbili nasema nimeshiba. Juzi akanitazama, akasema, "Wanukia udi nsioufukiza mie, washiba chakula nsichokipika. Huyo mwanamke anakaa wapi?"

Sasa nafikiri bora nikubali kuwa nimeoa, kisha baada ya wiki mbili niseme nimemwacha, yaishe, kwani mke wa pili si haramu lakini kiapo nimekivunja. Unaonaje? Pia nikipanda ngazi kifua kinabana na mkono wa kushoto unakufa ganzi, nasimama mara mbili, ila nadhani ni kiungulia tu cha pilipili.

Mahfoudh (jina si langu)

Marahaba, bwana harusi.

Nimecheka mpaka machozi, kisha nikafika mstari wako wa mwisho, kicheko kikanikauka. Udi umeuandikia ukurasa mzima, moyo wako ukaupa mstari mmoja! Kifua hicho si pilipili, mwanangu. Funga duka uende hospitali leo hii, na usipitie Forodhani. Daktari umtajie sigara zote, usimpunguzie hata moja, na umwombe dawa ya kukusaidia kuacha, maana kwa ubavu wako tumeona: siku tisa. Kikikubana umekaa na kisiachie, piga kelele majirani wakukimbize.

Sasa hiyo ndoa. Rahila akitaka kwenda kumwona mke mwenziwe, utampeleka wapi, kwenye chetezo? Njia ya mwongo fupi. Mwanamke wa watu anachemsha samaki kwa ajili ya roho yako, wewe unamwacha alie wivu wa mtu asiyekuwepo. Hapo sicheki, nimekasirika.

Ukitoka hospitali rudi nyumbani unanuka hivyo hivyo. Mtie paketi mkononi, mwambie yote, na mishikaki pia, na Ijumaa uyarudie mbele ya Himid. Samaki mkamulieni ndimu, hilo daktari hakulikataza.

Atakununia wiki, pengine mwezi, na umestahili. Lakini ukianguka kwenye ngazi hizo kabla hujasema, Rahila atakaa eda miezi minne na siku kumi akitazama mlango, akimngoja mke mwenziwe aje walie pamoja.