Udongo wa Penye Masale

Marahaba, Aikaeli. Sisi wazima, ng'ombe kazaa.

Unauliza umfanyeje mzee anayewafukuza mkitaka kupima mionzi ya udongo kabla ya kujenga mtambo wa nyuklia. Hata mimi niliwahi kumfukuza mpimaji kama wewe! Binti wa chuo alikuja kihambani kwetu Marangu, shamba letu la ukoo, akitafuta udongo usiotiwa mbolea, maana mbolea huharibu vipimo. Ulikuwapo mahali pamoja tu, penye masale, mimea tunayopanda makaburini, pale alipolala babu yako.

"Utamchimbua mume wangu?"

Akaondoka. Kesho yake akarudi na jani la sale, ndivyo tunavyoombana msamaha sisi Wachagga.

"Bibi, nimekosa. Leo sichimbi."

Mtoto yule alinishinda. Nilichukua jembe, nikamchimbia mwenyewe, pembeni ya kaburi.

Wewe umemuuliza mzee wako nani amelala pale?

Bibi yako anayekupenda, mama yako akishika kalamu.